Kitufe cha Sijui

Dakika tano kabla ya filimbi, nzi waliachiwa.

Walitoka kwenye sanduku jeupe lililofungwa juu ya nguzo ya taa, mia nne na ushee, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama, wakatanda juu ya uwanja wa Sekondari ya Mitundu Saba wakilia kama friji kuukuu. Hawakuwa nzi wa kweli, ingawa wanafunzi waliwaita hivyo kwa dharau. Walikuwa mashine. Nzi wa kwanza wa aina hiyo walitengenezwa hapo hapo Tabora ili wahesabu nyuki kwenye mizinga ya msituni. Sasa walihesabu watoto. Mmoja alisoma mapigo ya moyo kwa kuutazama mshipa wa shingo. Mwingine alionja jasho hewani, akajua nani amechoka na nani anajifanya. Waliobaki walipima hatua, kasi, pembe ya mguu na urefu wa pasi. Yote waliyoyaona yalikwenda kwa Mzani.

Mzani ulikuwa akili unde ya Baraza la Michezo Mashuleni, na makao yake yalikuwa jengo lisilo na madirisha nyuma ya stesheni ya garimoshi-sumaku. Kwa miaka kumi na tisa ulikuwa umepima kila timu ya sekondari nchini, ya wasichana na ya wavulana. Kitu kimoja tu haukuruhusiwa: kusikia. Sheria ilikataza kurekodi sauti za watoto shuleni, na ilikuwa sheria nzuri, kwa hiyo nzi walikuwa na macho makali na masikio hawana. Hakuna aliyeona kwamba hilo lina shida. Mpira unachezwa kwa miguu, walisema wakubwa.

Mechi ya tatu ya msimu iliisha Mitundu Saba wakishinda mbili kwa bila. Wasichana walikuwa bado wanakumbatiana pale ripoti ilipojichora kwenye kioo-hewa, ule ukurasa wa mwanga unaoning'inia mbele ya benchi bila kushikwa na chochote. Kanuni ilitaka hivyo. Baada ya mechi tatu kila timu ijue nguvu zake na udhaifu wake, irekebishe mapema, isije ikasubiri mwisho wa msimu ndipo ilie.

Kocha wao, Mwalimu Nyamizi Lutonja, mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye goti moja bovu na ulimi usio na breki, alisoma akiwa amesimama.

NGUVU ZA TIMU: mlinda mlango, alama 91. Beki wa kushoto, alama 88. Timu haijafungwa bao katika mechi tatu.

UDHAIFU WA TIMU: namba sita, alama 31. Hutembea kwa asilimia sitini na mbili ya mchezo. Amesimama bila sababu mara arobaini na nane. PENDEKEZO: aondolewe.

"Bila sababu!" Nyamizi alifoka, hata mwamuzi aliyekuwa anakunywa maji akageuka. "Bila sababu kwa nani? Kwa nzi?"

Namba sita alikuwa Milembe Ngasa wa kidato cha tatu, msichana mrefu, mkimya darasani hadi walimu wengine walimsahau wakati wa kuita majina. Neno "aondolewe" halikuwa la mzaha. Mitundu Saba ilikuwa shule ya mchepuo wa michezo, na nafasi zake zilikuwa za kugombewa kuliko kiti cha garimoshi siku ya sikukuu. Mwanafunzi aliyepata chini ya alama arobaini alirudishwa shule ya kata yao, na kwa kina Milembe hakukuwa na uwanja, wala kocha, wala timu. Kilichobaki ni saini ya kocha tu, nayo ilitakiwa kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Nyamizi alijua jambo ambalo Mzani haukulijua, na alilijua kwa bahati. Siku ya mechi ya kwanza kioo-hewa chake kiliharibika. Kwa hasira alichukua kiti cha plastiki akaenda kukaa nyuma ya goli la Zuwena, mlinda mlango, akatazama mpira kwa macho yake mawili kama walivyotazama bibi zake. Hapo ndipo aliposikia. Uwanjani alikuwa anasema mtu mmoja tu. Wasichana kumi walikuwa kimya kabisa, na wa kumi na moja, Milembe, alikuwa anaita. "Kabula, shoto! Acha, acha. Zuwena, toka sasa! Nyuma kuna mtu. Geuka!" Kabula, beki wa kushoto, alikwenda alikoitiwa kabla mpira haujafika. Zuwena alitoka golini akiwa hajamwona mshambuliaji, akaudaka.

Baadaye Nyamizi alimwuliza Milembe kwa nini hakimbii.

"Nikikimbia nitahema, Mwalimu," Milembe alijibu. "Anayehema hawezi kuita."

Wasichana walikuwa na jina la utaratibu wao: Sauti Moja. Timu nyingine walipiga kelele wote kumi na mmoja, kama soko la samaki, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Wao walimchagua mmoja, wakampa mdomo, na wengine wakafunga yao. Alama 91 za Zuwena na 88 za Kabula zilitoka kwenye koo la yule wa alama 31.

Mwalimu Mkuu, Bwana Chilongani, alimsikiliza ofisini akikunja na kukunjua kitambaa cha miwani.

"Mwalimu Nyamizi, nakuelewa. Lakini nikianza kusikiliza kila kocha, kesho atakuja mzazi, keshokutwa atakuja diwani. Mzani hauna mjomba wala shangazi. Ndiyo maana tunauamini."

"Mkuu, hauna masikio pia. Huyo mtoto ndiye ukuta wetu."

"Basi tumia Kanuni ya Kumi na Moja. Mpumzishe mechi moja, Mzani upime upya. Kama ni ukuta kweli, si nyumba itaanguka?"

Nyamizi aliikubali kanuni hiyo kwa sababu hakuwa na nyingine, na alijilaumu kabla hata ya kufika mlangoni. Jumatano Milembe alikaa benchi, mikono katikati ya magoti. Nyumba ilianguka. Dakika ya nne Kabula na Zuwena waliufuata mpira mmoja wakagongana vichwa, na mshambuliaji wa wageni akautia wavuni akitembea. Kila mtu alinyamaza akisubiri sauti isiyokuwepo. Baada ya mapumziko wote walianza kupiga kelele kwa pamoja, ikawa mbaya zaidi. Walifungwa tano kwa moja.

Nyamizi, ingawa moyo ulimuuma, alisubiri ripoti akiwa na tumaini. Ushahidi gani tena ungetakiwa?

NGUVU ZA TIMU: hakuna. UDHAIFU WA TIMU: mlinda mlango, alama 38. Beki wa kushoto, alama 36. Wameporomoka ghafla. Namba sita hakucheza. Alama yake inabaki 31. PENDEKEZO: wote watatu waondolewe.

Nyamizi aliipiga teke ndoo ya maji hadi ikavuka mstari wa pembeni. Alikwenda kumwokoa mmoja akawatosa watatu. Wasichana walimtazama kocha wao akiruka kwa mguu mmoja huku ameshika goti, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni pa jengo lisilo na madirisha. Msimamizi wa Mzani alikuwa Injinia Pazi Mwinyikondo, Mzaramo wa Kisarawe, mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni katika zama ambazo hakuna aliyeandika kwa kalamu. Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani, na hawakuweza kusalimiana bila kutupiana mawe.

"Karibu, mpagazi," Pazi alisema. "Leo umebeba mzigo gani?"

"Nimebeba hasira, mtani, na nimekuja kuitua kichwani kwako. Wewe uliyeuza bati la nyumba ukacheze ngoma, nani alikupa mtoto umpime?"

Pazi alicheka, kisha akauona uso wake, akaacha. Alimvutia kiti. Nyamizi hakukaa. Alieleza yote, kuanzia kile kiti cha plastiki nyuma ya goli hadi ndoo ya maji, na kila alipotaja alama alipiga meza.

"Nataka kujua kitu kimoja," alimaliza. "Nani aliufundisha huu mtambo wenu kwamba mtu akisimama ni mzembe? Nitajie jina lake. Nitamfuata hata akiwa kaburini."

Pazi alifunga mlango. "Mtani, mashine haizaliwi na akili. Hulishwa. Mzani ulilishwa na walimu. Waliletewa vipande vya mechi, sekunde sita sita, bila sauti, na kila kipande kilikuwa na vitufe vitatu..."

"Nguvu, Udhaifu, Sijui," Nyamizi alimkatiza. "Najua. Nilikuwepo. Likizo mbili nzima tulikaa ukumbini, walimu themanini. Ndipo nilipopata cheti changu."

"Ulikuwepo," Pazi alirudia taratibu.

"Nilikuwa wa kwanza kila siku. Sasa nitajie jina."

Pazi aliweka kalamu zake mezani moja moja. "Nyamizi, msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kusema yale ambayo ndugu wa marehemu hawawezi. Niruhusu nikuambie kama mtani, maana kama injinia sitaweza."

Akafungua kioo-hewa. Ilikuwa orodha ya majina themanini, yamepangwa kwa uzito wa imani ambayo Mzani ulimpa kila mwalimu. Jina la kwanza, mbali juu ya mengine, lilikuwa Nyamizi Lutonja.

"Mzani unamwamini sana asiyesita," Pazi alieleza. "Wenzako walibonyeza Sijui mara moja katika kila vipande vitano. Wewe ulipima vipande elfu kumi na moja na mia tatu. Sijui ulibonyeza mara ngapi, unakumbuka?"

Nyamizi alikumbuka. Alikumbuka hata rangi ya kitufe, njano, kimekaa pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa. Hakukigusa hata mara moja. Chuoni walifundishwa kwamba mwalimu akisema "sijui" mbele ya darasa amekwisha, na yeye alikuwa mwalimu kijana wa miaka ishirini na tisa, mwanamke kati ya makocha wanaume waliokuwa wanamsubiri ateleze. Wale wanaume walisita, wakajikuna, wakabonyeza njano. Yeye hakusita. Anayekimbia, nguvu. Anayesimama, udhaifu. Vipande mia tatu kwa siku. Siku ya kufunga kazi walimpigia makofi wakampa jina la Nyamizi Hasiti, naye akalivaa jina hilo kama kanga mpya.

"Muongo mkubwa wewe," alisema, lakini sauti haikuwa na mtu ndani.

"Natamani ningekuwa."

"Wangapi?" Nyamizi aliuliza. "Watoto wangapi wameondolewa kwa kusimama?"

Pazi aliandika namba kwenye karatasi akamsogezea. Elfu mbili mia tatu na kumi na nne.

Ndipo Nyamizi alipokaa. Alikuwa amekuja na hasira ya kumtosha adui, na sasa hasira ile ile ilikuwa imegeuka ndani yake ikitafuta pa kuuma. Alimtukana Pazi, akautukana Mzani, akawatukana waliokata vipande bila sauti, akamtukana mwalimu wake wa chuo aliyekwisha kufa. Pazi alisubiri. Watani hawaondoki wakati wa matusi.

"Alama zinafutika?" aliuliza mwishowe.

"Mwalimu aliyeitoa alama anaweza kuifuta. Ila moja moja, kwa mkono wake, na ni lazima akitazame kipande chote upya. Tuliogopa mtu asije akafuta kwa hasira. Na orodha ya zilizofutwa hutangazwa kwa makocha wote. Daraja lako la ukocha, mtani, limejengwa juu ya alama hizo."

"Za waliosimama ni ngapi?"

"Elfu nne na mia moja."

"Leta maji ya kunywa. Na kiti kingine, hiki kinaniumiza goti."

Alianza saa tatu kasoro. Kipande kilikuja, sekunde sita: msichana wa jezi ya kijani, uwanja wa vumbi, amesimama, mpira uko mbali. Chini yake alama ya zamani: UDHAIFU. Nyamizi alibonyeza njano. Kidole kilikuwa kizito, kana kwamba kitufe kimefungwa na waya. Cha pili. Cha kumi. Cha hamsini, mvulana mwenye bandeji, amesimama akinyoosha mkono.

Kwenye kipande cha mia na kitu aliomba kirudishwe, akakisogelea hadi pua ikakaribia mwanga.

"Mtani, tazama. Mdomo wake."

Mdomo wa msichana ulikuwa wazi. Alikuwa anaita. Nyamizi alirudi kwenye kile cha nyuma yake, na cha nyuma zaidi. Wazi. Wazi. Vingine vilikuwa vimefungwa, na hao pengine walikuwa wavivu kweli, au wagonjwa, au wanasubiri. Nani angejua kwa sekunde sita? Lakini wengi, wengi mno, walikuwa wamesimama katikati ya viwanja vya nchi hii wakiita kwa nguvu zao zote, na yeye alikuwa ametazama miguu yao tu.

Alilia, tena kwa sauti, bila kuacha kubonyeza. Adhuhuri Pazi alimletea wali na maharage, vikapoa pembeni. Jioni, kidole kikiwa kimevimba, alibonyeza cha mwisho. Mzani ulichukua dakika kumi na moja kujipima wenyewe.

Ijumaa asubuhi ripoti mpya ilifika shuleni. Mwalimu Mkuu Chilongani aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaisoma tena. Kwa mlinda mlango, beki wa kushoto na namba sita, wote walioshushwa alama kwa kusimama, hapakuwa na alama yoyote. Mahali pa alama, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Mzani ulikuwa umeandika neno moja: SIJUI. Na kanuni haikuruhusu kumwondoa mtoto kwa sijui.

"Hii si tathmini," Chilongani alilalamika. "Nitawapelekea nini Baraza?"

"Wapelekee hiyo hiyo, Mkuu. Ndiyo ya kwanza yenye ukweli," Nyamizi alisema. "Na barua yao ya kunivua daraja ikija, usiifiche. Nitaisoma mwenyewe mstarini, wanafunzi wote wasikie."

Alimkuta Milembe nyuma ya bweni anafua soksi kwenye beseni. Nyamizi alimpa ile ripoti, imechapwa kwenye karatasi. Alikuwa amejiandaa kwa machozi ya furaha, au kukumbatiwa. Si uongo, alivitamani. Alimweleza yote bila kuficha, ukumbi, vitufe, jina la kwanza kwenye orodha, midomo iliyo wazi. Milembe alisoma karatasi hadi chini. Alijifuta mikono kwenye sketi.

"Kwa hiyo sifukuzwi."

"Hufukuzwi. Wala Kabula, wala Zuwena."

"Na Wande?"

Nyamizi alilikumbuka jina. Wande Mabula, namba sita wa miaka miwili iliyopita, alama 34. Nyamizi aliisaini karatasi ya kumwondoa akiwa amesimama mlangoni, kwa kalamu ya kuazima, bila hata kufungua ukurasa wa pili. Alikuwa ameuchukia uvivu wa yule mtoto msimu mzima.

"Sauti Moja ni ya Wande," Milembe alisema, na sauti ile iliyokuwa ndogo darasani sasa ilitoka kama ya uwanjani. "Yeye ndiye aliyeianzisha. Siku aliyofukuzwa, tulikaa kitandani kwake, begi limeshafungwa, akanifundisha lini niite na lini ninyamaze. Akasema, usimwambie Mwalimu, atadhani tunapiga kelele. Ulimwona kila siku. Hukuwa nzi wewe, Mwalimu. Ulikuwa na masikio."

Nyamizi alikaa chini kando ya beseni, goti bovu limenyooka.

"Yuko wapi sasa?" Milembe aliuliza. "Bado anacheza? Atarudishwa?"

Jibu la mwalimu lilikuja lenyewe, tayari limepigwa pasi: Baraza litaangalia, utaratibu upo, tuwe na subira. Lilifika kwenye meno. Nyamizi akalimeza.

"Sijui," alisema.

Milembe alimrudishia karatasi.

"Basi katafute," alisema, akainamia beseni lake, na safari hii hakuongeza "Mwalimu".